Dada wa Wete anauliza: maradhi ya akili yamo kwenye damu?

*Suali: Assalaam alaykum daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23. Alikuwa akifanya kazi hotelini Nungwi, mwaka jana akarudi kwetu Wete hali si hali: halali, anajibizana na watu wasioonekana, anasema simu yake ina watu wanaomsikiliza. Hospitali tumeambiwa ni skizofrenia, kwamba ni maradhi ya ubongo na yanaweza kurithiwa. Ami yetu anasema ni jini. Mjomba anasema ni bangi za Nungwi. Mimi nimesoma mtandaoni kuwa habari ya kemikali za ubongo wataalamu wenyewe wameshaikanusha. Tushike lipi? Na kuna jambo jengine: nimeposwa, na upande wa mume wameanza kuuliza kama kwetu kuna wazimu wa ukoo. Mimi nina miaka 28.*

Waalaykum salaam, dada yangu, na poleni nyote hapo nyumbani. Naanza na hilo la mtandaoni, kwa sababu ndilo linaloweza kumfanya mdogo wako aachishwe dawa kesho asubuhi.

Uliyoyasoma yana ukweli, ila yanahusu maradhi mengine. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake wa London walizipitia tafiti za miongo kadhaa kuhusu sonona, ile huzuni nzito inayomlaza mtu na kumtoa hamu ya kila kitu, wakasema hawakuona ushahidi thabiti kwamba inaletwa na upungufu wa serotonini, kemikali mojawapo ya ubongo. Watafiti wengi hawakushtuka, maana walikuwa wameshaacha kuisema kwa urahisi huo. Waliobaki nayo ni matangazo ya dawa, na madaktari wenye foleni ndefu mlangoni na dakika chache za kumweleza mtu.

Nadharia hiyo ilizaliwa kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wagonjwa wa kifua kikuu huko New York walipewa dawa iitwayo iproniazidi, na baadhi yao wakachangamka kupita kiasi cha nafuu ya kifua chao. Ikaja kujulikana kuwa dawa ile huziongeza kemikali fulani za ubongo, serotonini ikiwemo. Basi watu wakaigeuza hesabu: kama kuziongeza kunaleta nafuu, maradhi lazima ni upungufu wake. Hapo ndipo hoja inapokatika. Mafuta ya karafuu yanatuliza jino, na sisi Wapemba ni wa mwanzo kulijua hilo, lakini hakuna aliyewahi kusema kuwa jino linauma kwa upungufu wa karafuu. Tena dawa za siku hizi za sonona hupandisha serotonini ndani ya saa chache, na mgonjwa hukaa wiki mbili, nne, pengine sita kabla hajasema anajisikia vyema. Kitu kinachotendeka katika wiki hizo ndicho tunachokitafuta bado.

Sasa angalia hapa, kwani wengi wanaosambaza habari hizi huteleza: kuanguka kwa nadharia hakuiangushi dawa. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018, uliokusanya majaribio 522 yenye watu zaidi ya 116,000, ulikuta dawa zote 21 za sonona zilizopimwa zinashinda kidonge kisicho na dawa. Zinashinda kwa wastani wa kiasi, si wa ajabu, lakini zinashinda.

Mdogo wako hana sonona. Ana skizofrenia, na huko biolojia imesimama mahali pagumu zaidi kutikiswa.

Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, walianza kuwapa wagonjwa wao klorpromazini, dawa ambayo daktari wa jeshi Henri Laborit alikuwa akiitumia kuwatuliza watu wa upasuaji. Sauti zikapungua, dhana mbaya zikalegea, watu waliokaa hospitali miaka wakaweza kurudi makwao. Hapa pia dawa ilitangulia na maelezo yakaja nyuma, kama kwenye sonona. Tofauti ni kwamba maelezo yalipokuja yalipimwa kwa njia nyingi na yakakutana. Dawa zile huzuia kemikali iitwayo dopamini, na nguvu ya kila moja hospitalini ililingana na nguvu yake ya kuizuia. Amfetamini, ambayo huimwaga dopamini, inaweza kumfanya mtu asiye mgonjwa asikie sauti na kuwashuku jirani zake. Na picha za kisasa za ubongo zinaonyesha kuwa wagonjwa wengi hutengeneza dopamini kupita kiasi katika sehemu moja ya ndani ya ubongo.

Hata hivyo hadithi hiyo ina pengo, na wewe utaliona kabla ya mtafiti yeyote. Sauti zikishatulia, mdogo wako anaweza kubaki amekaa barazani kimya, hana hamu ya kuoga, hana hamu ya mpira wala marafiki. Nyumbani mtaanza kusema mvivu. Si uvivu, ni sehemu ya maradhi yenyewe, na dopamini haijaieleza vizuri wala dawa tulizonazo haziigusi sana.

Kuhusu kuacha dawa, nitakupa hesabu kisha unyamaze nayo. Stefan Leucht na wenzake wa Ujerumani walikusanya mwaka 2012 majaribio 65 ya watu wenye skizofrenia waliokwisha kutulia. Katika takriban mwaka mmoja, walioendelea na dawa waliorudiwa na maradhi walikuwa 27 kwa kila 100; waliobadilishiwa kidonge kitupu, 64. Mtu mwenye hesabu hiyo mkononi hamwachishi mgonjwa dawa kwa sababu ya makala ya mtandaoni kuhusu sonona.

Dawa zina adha zake nazo. Haloperidoli na nyinginezo za zamani huweza kuikakamaza shingo, kuyavuta macho juu, kuutetemesha mkono, kumtoa mtu udenda. Shingo ikipinda ghafla siku za mwanzo, nyumba nyingi za kwetu husema jini amepanda, dawa inatupwa, anaitwa mganga. Mrudisheni hospitali upesi mkaseme: dawa imemkakamaza. Kuna dawa ya kuondoa hilo, na huondoka kwa muda mfupi.

Ukitaka kuiona biolojia katika siku yake nzuri kabisa, itazame kaswende. Miaka zaidi ya mia iliyopita hospitali za wendawazimu za Ulaya na Marekani zilijaa wanaume waliojiona wafalme, wanaosahau majina ya watoto wao, kisha wakapooza na kufa. Maelezo yalikuwa mengi, pamoja na tabia mbaya na roho dhaifu. Mwaka 1913 Hideyo Noguchi, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi New York, alivionyesha vijidudu vya kaswende ndani ya bongo zao. Penisilini ilipoenea katika miaka ya 1940, wazimu wa namna ile ukawa adimu. Mwaka 2007 Josep Dalmau alieleza maradhi mengine, ambapo kinga ya mwili hushambulia ubongo: binti mzima anaanza kuweweseka, kuona vitu, kutapatapa, kisha degedege, na mara nyingine chanzo ni uvimbe kwenye kifuko cha mayai ambao ukiondolewa na kinga ikatulizwa, binti anarudi na akili zake. Nakuuliza, binti huyo angelikuwa hapa visiwani, angelizinguliwa mara ngapi kabla hajafika kwa daktari?

Kwa hivyo, kabla ya neno skizofrenia kubandikwa moja kwa moja, mna haki ya kuuliza kama amepimwa malaria, sukari, tezi ya shingo, kaswende, virusi vya UKIMWI, na kama amewahi kuwa na kifafa au kuumia kichwa. Kwa sababu, na huu ni udhaifu usiosemwa vya kutosha, skizofrenia yenyewe haina kipimo. Hakuna damu itakayotolewa ikaandikwa ndiyo au siyo. Daktari anaijua kwa kumsikiliza mgonjwa, kumtazama, kuwahoji nyinyi na kuondoa maradhi mengine. Tunayaita maradhi ya ubongo, na nadhani tuna haki, lakini tunayatambua kwa mazungumzo.

Tuje kwenye urithi, maana naona ndio unaokunyima usingizi.

Kwa hesabu alizozikusanya Irving Gottesman kutoka tafiti za familia za Ulaya, katika watu 100 wa kawaida mmoja hivi hupata skizofrenia maishani mwake. Mwenye ndugu mgonjwa wa baba na mama mmoja, ni kama 9 katika 100. Mtoto wa mgonjwa, 13. Pacha wa kufanana wa mgonjwa, 48. Hapo damu inasema wazi. Wapo waliodai kuwa ni malezi tu, kwamba watoto wa wagonjwa huugua kwa kulelewa na wagonjwa. Leonard Heston wa Marekani aliwafuatilia watoto 47 waliotenganishwa na mama zao wagonjwa siku chache baada ya kuzaliwa wakalelewa na wengine: 5 wakapata skizofrenia. Katika watoto 50 wa kulinganishwa nao, ambao mama zao hawakuwa na maradhi hayo, hakupata hata mmoja. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1966, na yaliwapunguzia mzigo akina mama wengi waliokuwa wakiambiwa kuwa ubaridi wao ndio uliomharibu mtoto.

Lakini rudi kwenye pacha. Jeni zao, yaani vinasaba vya urithi, ni zilezile, tumbo lilelile, mara nyingi nyumba ileile, na zaidi ya nusu ya pacha hao hawaugui. Kingine kinahitajika. Pekka Tienari huko Ufini alifuatilia watoto wa kulelewa waliozaliwa na mama wenye skizofrenia, akakuta maradhi yakijitokeza zaidi kwa waliolelewa katika nyumba zenye vurugu na maneno makali. Waliolelewa kwenye utulivu walisalimika zaidi, ingawa damu ilikuwa ileile.

Na hizo jeni si moja wala mbili. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022 ulitaja sehemu 287 za vinasaba zinazohusika, na kila moja huongeza hatari kwa kiasi kidogo mno. Nyingi kati yake unazo wewe, ninazo mimi, anazo sheha wenu. Sehemu kubwa ya damu iliyopimwa ni ya watu wenye asili ya Ulaya. Tafiti za Kiafrika, kama ule wa Waxhosa wa Afrika Kusini uliotolewa mwaka 2020, bado ni chache, na ubashiri uliotengenezwa kwa damu ya Mzungu hukosea zaidi kwa Mwafrika. Mtu akija kuwauzia kipimo cha jeni cha wazimu, mfungulieni mlango atoke.

Mjomba naye hakosei kabisa. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 1987 uliwafuata vijana zaidi ya 45,000 waliokwenda jeshini, na waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia mara 6 zaidi ya wasiovuta. Hata hivyo wengi waliovuta hawakuugua, na wapo walioanza kuvuta kwa sababu vichwa vilikuwa vimeshaanza kuwasumbua. Mdogo wako asiivute tena, hata kidogo. Lakini kumwambia "umejitakia" ni dhulma. Vijana wangapi wa Nungwi wamevuta naye na leo wako kazini?

Ami nimemweka mwisho kwa heshima, maana hoja yake inataka muda.

Wakubwa wa hapo Pemba wanaukumbuka mwaka 1995, wewe hukuwa umezaliwa. Popobawa, lile shetani la usiku. Watu walisema limewaingilia usiku, limewakalia kifuani, hawakuweza kupiga kelele wala kuinua mkono. Habari ikatoka Pemba ikavuka hadi Unguja, watu wakawa wanalala nje kwa makundi, moto unawaka. Biolojia ina maelezo mazuri ya usiku wa mtu mmoja: tukiwa ndani ya ndoto, ubongo huzima misuli ili tusizitende ndoto zetu, akili ikiamka kabla misuli haijafunguliwa, mtu hujikuta macho wazi, mwili mzito, pumzi fupi, na hisia kali kwamba kuna kitu chumbani. Ndilo jinamizi, na liko duniani kote. Wengi waliosema wameona hawakuwa waongo wala wagonjwa wa akili. Lakini kwa nini kisiwa kizima, kwa nini mwaka ule, mwaka wa uchaguzi wa mwanzo tangu vyama vingi kurejeshwa, kwa nini nyumba baada ya nyumba? Huwezi kulipata jibu hilo kwa kuupasua ubongo wa mtu mmoja. Inabidi uulize watu walikuwa wakiogopa nini.

Mimi naona maradhi ya mdogo wako vivyo hivyo. Biolojia inajibu vizuri "ni nini kinatendeka kichwani na dawa gani itulize". Hujibu kwa kusitasita "kwa nini yeye". Na kwa suali la "kwa nini simu, kwa nini anasikilizwa", hunyamaza, kwa sababu yaliyomo ndani ya sauti na dhana huokotwa kwenye maisha: enzi ya babu zetu yangelikuwa macho ya mchawi, leo ni simu. Hapo muulizeni yeye. Kijana wa miaka 22, mbali na nyumbani, halali usiku, pengine anadhulumiwa mshahara au ameingia kwenye deni, ana habari zake za kusimulia, na kuziita zote kemikali ni kumziba mdomo.

Juli McGruder, mtafiti wa Kimarekani, alizichunguza katika miaka ya 1990 familia za Zanzibar zenye wagonjwa wa skizofrenia. Moja ya aliyoyaona ni kwamba kuamini mashetani hakukuwafanya watu wamtupe mgonjwa. Shetani huja na kuondoka. Akiondoka, mtoto ni mtoto wao yuleyule, anapewa sahani yake na kazi ndogo ya kufanya. Jambo hilo lina uzito wa kitabibu. Tangu miaka ya nyuma George Brown na wenzake wa London walionyesha kuwa mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya kukemewa na kulaumiwa, au ya kusongwa kupita kiasi, hurudiwa zaidi: katika utafiti wao wa mwaka 1972 zaidi ya nusu walirudiwa ndani ya miezi tisa, na kwenye nyumba tulivu chini ya mmoja katika watano.

Kwa hivyo ami amsomee. Kombe, maji ya aya zilizoandikwa, anywe, dua ziombwe, hakuna kidonge kinachogombana na Yasin. Ninachokataa ni kamba, minyororo, fimbo, moshi wa kumfukiza ndani ya shuka, kumnyima chakula, na sharti la kuacha dawa ili jini aondoke. Ami akiona kuwa kutaja mwili ni kukosa imani, mwambieni kuwa Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliigawa huzuni mafungu mawili: yenye sababu inayojulikana, kama msiba, na inayomvamia mtu bila kujua imetoka wapi, ambayo aliihusisha na mwili wake. Zaidi ya miaka elfu iliyopita, na hakutolewa kwenye dini.

Sasa posa yako. Hapa maelezo ya kibiolojia yana ubaya ambao sisi madaktari tunapenda kuusahau. Tulidhani tukisema "ni maradhi kama mengine, yako kwenye jeni", unyanyapaa utakwisha. Uchambuzi wa mwaka 2013 wa majaribio mengi ya aina hiyo ulikuta lawama hupungua kweli, lakini watu huanza kumwona mgonjwa kuwa wa hatari zaidi na kwamba hatapona. Kwa kwetu, ambako kabla ya posa hupelelezwa mpaka babu wa nne, neno "kurithi" linaweza kuvunja ndoa tatu kwa mpigo. Jini hapiti kutoka kwa mtoto hadi kwa mjukuu kwa hesabu ya daktari. Jeni, watu wakiisikia, wanaiona imekaa kwenye kila tumbo la ukoo.

Basi wape hesabu badala ya neno. Skizofrenia mara nyingi huanza baina ya ujana na miaka ya thelathini. Wanawake huchelewa kidogo kuliko wanaume, na wachache huanza baada ya miaka 45. Kwa umri wako wa 28, sehemu ya ile 9 katika 100 umeshaivuka, ingawa si yote. Watoto wako, kwa kuwa watakuwa wapwa wa mgonjwa, hesabu yao ni kama 4 katika 100, na hiyo maana yake 96 hawaugui. Na mkwe wako mtarajiwa ajue hili pia: kwa hesabu za Gottesman huyohuyo, wagonjwa kama 6 katika 10 hawana jamaa wa karibu mwenye maradhi hayo. Ukoo unaojiona safi una nafasi yake pia. Ikiwa mchumba ni mtoto wa ami na upande wake nako kuna mgonjwa, hesabu hupanda, na hapo ni bora mje wote wawili tukae tuzungumze kabla ya kuozeshwa.

Usifiche. Siri ya aina hii Wete haikai, na ikitoka baada ya ndoa huitwa udanganyifu. Asiende mshenga peke yake; aende mtu mzima wa kwenu anayeyafahamu haya, aseme kijana wetu anaumwa, anatibiwa, na hesabu ni hizi. Ila kabla ya hapo mdogo wako aulizwe, siku ambayo ametulia, kama anaridhia habari zake zipelekwe kwa watu, na zipi zibaki ndani.